Mifupa ya Majengo Marefu Katika Nchi za Joto

Wasikilizaji wetu, mwaka juzi tuliwachukua wanafunzi wetu wa ualimu kwenda Dar es Salaam kutazama bandari, na njiani tukapita chini ya jengo moja jipya la orofa nyingi, lililovikwa vioo toka chini hata juu. Mwanafunzi mmoja alisimama akalitazama kitambo, kisha akauliza, "Mwalimu, jengo hili limesimama juu ya nini?" Wenzake walimcheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa swali lake lilikuwa la haki. Nyumba ya babu yake, kama alivyotueleza baadaye, kila apitaye njiani aweza kuona jinsi inavyosimama: nguzo ni hizi, mtambaapanya ni ule, makombamoyo ni yale. Jengo lile la vioo halikumwonyesha kitu ila sura yake mwenyewe na mng'ao wa jua.

Maneno yetu ya leo ni jaribio la kumjibu kijana yule. Twataka kueleza jinsi majengo marefu yanavyosimama, na kwa nini katika nchi za joto yafaa kufikiri mara mbili kabla ya kuificha mifupa yake. Mfupa uliowekwa nje waweza kufanya kazi mbili kwa gharama moja: kulibeba jengo, na kulitia kivuli.

Tuanze na nyumba tunazozijua. Katika miji ya kale ya pwani, kama Lamu na Unguja, nyumba za mawe zina vyumba virefu na vyembamba. Mgeni aweza kudhani kwamba wembamba ule ni desturi tu ya wenyeji. Lakini dari ya chumba imelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa kupita mita 3 hivi bila kulegea chini ya uzito wa mawe na chokaa. Basi upana wa chumba ulipimwa na mti kabla haujapimwa na fundi. Tena boriti hazikufichwa. Mtu akilala kitandani huziona zimejipanga juu yake, na katika nyumba za wenye uwezo zilichongwa na kutiwa rangi. Kilichobeba mzigo ndicho kilichokuwa pambo. Wasanifu wa majengo wa siku hizi huandika vitabu vizima juu ya jambo hilo, na yatupendeza kukumbuka kwamba seremala wa Lamu alilijua pasipo kitabu.

Sasa tupande juu zaidi. Ukuta ukiwa ndio unaobeba, kadiri nyumba inavyoongezwa orofa ndivyo ukuta wa chini unavyonenepa. Katika mji wa Chicago, Marekani, lipo jengo liitwalo Monadnock, ambalo sehemu yake ya kwanza ilimalizika mwaka 1891. Ni orofa 16 zilizobebwa na kuta za matofali, na kuta hizo penye nchi zina unene wa karibu mita 1.8. Mtu mzima aweza kulala kukingama ndani ya unene wa ukuta ule. Huo ulikuwa karibu na mwisho wa njia ya ukuta, maana ukiongeza orofa nyingine nyingi, chini hapatabaki mahali pa duka wala pa mlango.

Njia ya pili ilikuwa imekwisha kupatikana katika mji ule ule, nayo ni njia ya kiunzi. Nguzo na mihimili ya chuma, na baadaye ya zege lenye nondo, hufungamanishwa mpaka ikawa kama mifupa ya mnyama, na orofa zote hukaa juu ya mifupa hiyo. Ukuta haubebi tena kitu ila uzito wake wenyewe. Huwa kama nguo tu. Na kwa kuwa ni nguo, mwenye jengo aweza kuchagua kitambaa atakacho, na katika nchi za baridi walichagua kioo, maana huko mwanga wa jua ni adimu na joto lake ni neema.

Huku kwetu neema hiyo hugeuka mateso. Sisi wenyewe tulipata kufundisha miaka mitatu katika chumba chenye madirisha mapana ya vioo yaliyoelekea magharibi. Aliyekichora, twadhani, hakupata kukaa humo saa tisa mchana katika mwezi wa Februari. Tulishona mapazia mazito kwa fedha zetu. Chumba kikawa na giza, na joto likabaki vile vile. Ndipo wanafunzi wakasuka makuti wakayatundika nje ya madirisha, hatua moja mbali na ukuta, na siku ile ile tukahisi tofauti. Sababu yake yaeleweka kwa urahisi. Mwanga wa jua hupenya katika kioo upesi. Ukigonga sakafu au dawati hugeuka kuwa joto, na joto hilo haliwezi kutoka kiooni kwa wepesi ulioingia nao mwanga. Pazia la ndani huukamata mwanga baada ya kwisha kuingia nyumbani, lakini kivuli cha nje huuzuia mlangoni. Tunawaomba wasikilizaji walishike neno hili, kwa sababu mengi yanayofuata yametegemea hapo: katika nchi ya joto kivuli chenye faida ni kile kilicho upande wa nje wa kioo.

Na je, upande wa nje wa kioo kuna nini cha kutia kivuli katika orofa ya 20, ambako hakuna mwembe wala upenu? Hakuna kitu, ila mtu akiweka. Wabrazili ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuweka kwa mpango mkubwa. Mwaka 1936 serikali ya Brazili ilitaka jengo la Wizara ya Elimu na Afya katika mji wa Rio de Janeiro, uliokuwa mji mkuu wakati ule. Kazi ilipewa vijana wa nchi ile wakiongozwa na Lucio Costa, na miongoni mwao alikuwamo Oscar Niemeyer, ambaye baadaye alisifika duniani kote. Le Corbusier aliitwa kutoka Ufaransa mwaka ule akakaa nao majuma kadhaa kuwashauri. Injinia aliyehesabu zege lao alikuwa Emílio Baumgart, Mbrazili, mtu wa ajabu katika kazi hiyo: mwaka 1930 alikwisha kujenga daraja la zege juu ya mto Rio do Peixe lenye nafasi ya mita 68 katikati, akilitokeza kutoka kingo mbili mpaka likakutana hewani, bila kusimamisha jukwaa mtoni.

Jengo la wizara lilifunguliwa mwaka 1945, nalo lingali lipo. Rio iko kusini ya mstari wa ikweta, kwa hiyo jua la sehemu kubwa ya mwaka hupita upande wa kaskazini. Uso wa kusini wakauacha uwe kioo kitupu, maana huko jua halina ubaya mkubwa. Uso wa kaskazini wakaufunika kwa vyumba vyumba vya zege, mfano wa sega la nyuki lenye pembe nne, na ndani ya kila chumba wakaweka mbao pana zilizolala, ambazo karani akiwa ofisini aweza kuzigeuza kwa mkono, azifungue asubuhi na kuziinamisha jua likiwa kali. Kioo kimekaa nyuma ya hayo yote, kivulini. Na nguzo zilizobeba jengo hazikujificha: chini zimesimama wazi, za mviringo, zenye urefu wa karibu mita 10, na watu wa mjini hupita kati yake wakikinga mvua na jua. Mtu yeyote aliyepata kukaa barazani alasiri ataelewa thamani ya mahali kama pale katikati ya mji wa mawe.

Hata hivyo jua ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni upepo, na huo ndio unaomsumbua injinia usiku. Uzito wa jengo husukuma chini, na chini kuna nchi. Lakini upepo husukuma kando, na kando hakuna kitu cha kuegemea. Tena hesabu yake ni kali. Jengo likirefushwa mara mbili, hushika upepo mara mbili, na upepo huo hulisukuma kwa mkono wenye urefu mara mbili. Basi nguvu ya kulipindua penye mguu wake huwa mara nne, na hapo hatujahesabu kwamba upepo wa juu huvuma kwa nguvu kupita wa chini. Mnazi hujiokoa kwa kuinama. Jengo haliruhusiwi kuinama sana, maana vioo vitapasuka, na watu walio ndani wataona kizunguzungu kama abiria wa jahazi wakati wa kusi.

Mahali pa kuona jinsi mafundi walivyoushindana upepo huo ni Hong Kong, mji wa pwani ya kusini ya China, ulio ndani kidogo ya mpaka wa kaskazini wa nchi za joto, na unaopigwa na tufani kubwa za bahari. Huko yapo majengo mawili ya benki, yamekaa karibu karibu, na kila moja limeonyesha mifupa yake kwa namna yake.

La kwanza ni la benki ya HSBC, lililomalizika mwaka 1985, lenye urefu wa mita 179. Msanifu wake alikuwa Norman Foster wa Uingereza, na mainjinia walikuwa wa nyumba ya Ove Arup. Lina milingoti minane ya chuma, na kila mlingoti umefanywa kwa mabomba manne makubwa yaliyoshikanishwa. Kati ya milingoti hiyo, penye ngazi tano toka chini hata juu, zimefungwa kenchi kubwa sana, na orofa zimetundikwa chini ya kenchi hizo kama nguo kwenye kiango. Hebu tulifikiri jambo hili. Katika nyumba ya kawaida orofa ya juu hukaliwa na nguzo zinazoshuka moja kwa moja mpaka chini, na kwa hiyo chini hujaa nguzo. Hapa mzigo hupanda kwanza kwenda kwenye kenchi, ndipo ushuke kwa milingoti. Chini pamebaki uwanja mpana, wazi, wenye kivuli, ambapo mpita njia huvuka kutoka barabara hii kwenda ile chini ya tumbo la benki. Kila siku ya Jumapili uwanja ule hujaa wanawake wa Kifilipino waliokuja Hong Kong kwa kazi za nyumbani. Hutandika mikeka, hula pamoja na kuandika barua, kwa kuwa ndiyo siku yao ya mapumziko. Hatudhani kwamba wenye benki waliwakusudia wao. Lakini mifupa iliyotundikwa juu ndiyo iliyowapa baraza.

Nje ya vioo vya jengo hilo mna vivuli vya alumini, na vivuli hivyo hivyo ni njia za kupita wasafisha madirisha. Twaona tena ile faida ya kitu kimoja kufanya kazi mbili.

Lakini hapa yafaa tuwe wakweli. Chuma kikiachwa wazi katika hewa ya chumvi hushikwa na kutu, na moto ukiwaka hulegea. Penye joto la nyuzi 550 za Selsiasi hivi kimekwisha kupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Kwa hiyo milingoti ile imepakwa dawa ya kuzuia kutu, ikavikwa blanketi la kukinga moto, na juu ya yote ikafunikwa kwa alumini. Wako waliouliza: basi tunachokiona ni mfupa, au ni nguo yenye umbo la mfupa? Sisi twaona si udanganyifu. Mkono wa kanzu huonyesha mahali pa kiwiko, wala hakuna asemaye kanzu imesema uongo. Ingekuwa uongo kama alumini ile ingechora mlingoti mahali pasipo na mlingoti, na majengo ya namna hiyo yako mengi duniani.

Jengo la pili ni mnara wa Benki ya China, uliomalizika mwaka 1990, wenye orofa 72, na ukihesabu milingoti yake miwili ya juu unafika mita 367. Msanifu alikuwa I. M. Pei, mzaliwa wa China aliyehamia Marekani, na injinia alikuwa Leslie Robertson wa Marekani. Kulielewa jengo hili, chukua vijiti vinne uvifunge kwa uzi viwe mraba, kisha sukuma pembe moja. Mraba hulala. Chukua vijiti vitatu uvifunge viwe pembetatu, usukume utakavyo. Haulali mpaka kijiti kimoja kivunjike. Kila seremala ajua siri hii, ndiyo maana mlango wa mbao hupigiwa ubao wa kukingama toka pembe hadi pembe. Robertson na Pei waliufanya mnara mzima kwa pembetatu. Mihimili mikubwa hupanda kwa mshazari juu ya nyuso za jengo, nayo huuchukua upepo na uzito pamoja, ikiupeleka kwenye nguzo nne kubwa za pembeni. Iko nguzo ya tano katikati, lakini nayo inakoma penye orofa ya 25 na kuugawa mzigo wake kwa zile nne, ili ukumbi wa chini uwe huru. Na tazama hekima yake: uzito wote ukikaa katika pembe nne zilizo mbali mbali, uzito wenyewe ndio unaolishikilia jengo lisipinduliwe na tufani. Mtu asimamaye miguu imepanuka haangushwi upesi. Kwa njia hiyo mnara ulijengwa kwa chuma kidogo kuliko ilivyozoeleka kwa urefu ule.

Mishazari ile inaonekana nje mchana kutwa, na ndiyo uzuri wote wa jengo. Lakini hata hapo haikuonekana yote. Katika michoro ya kwanza mihimili iliyolala nayo ilionyeshwa, na pamoja na mishazari ikafanya alama za msalaba wa X ndani ya visanduku, ambazo Wachina waliziona kuwa za nuksi. Pei akaificha iliyolala, ikabaki mishazari tu, na macho yakaona umbo la almasi juu ya almasi. Injinia huhesabu nguvu, lakini hawezi kuamuru macho ya watu yasome nini.

Turudi karibu na nyumbani. Nairobi, mwaka 1967, ilianzwa kazi ya jengo lililofunguliwa mwaka 1973 na kuitwa kwa jina la Rais Kenyatta, jengo la mikutano ya mataifa. Wasanifu wake walikuwa Karl Henrik Nøstvik wa Norwei na David Mutiso wa Kenya. Mnara wake una orofa 28 na urefu wa mita 105, na ubavuni mwake umesimama ukumbi wenye paa la pia ambalo kila Mwafrika hulitambua bila kuambiwa. Hauna milingoti ya chuma. Ni zege, la rangi ya udongo mwekundu, na madirisha yamekaa ndani nyuma ya mbavu na vivuli vya zege hilo hilo. Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo jua huzunguka miezi kadhaa kaskazini na miezi kadhaa kusini, na asubuhi na jioni huja chini chini kutoka mashariki na magharibi, ambapo upenu wa juu peke yake haufai kitu. Hapo ndipo mbavu zilizosimama zinapofanya kazi. Jengo limepita miaka hamsini, na kwa macho yetu bado ni kijana kuliko mengi ya vioo yaliyokuja nyuma yake.

Tusije tukaonekana tunauza dawa ya kila ugonjwa. Zege lililo nje hupigwa na mvua na jua miaka yote. Nondo zikiwekwa karibu mno na uso wa zege, unyevu na chumvi ya bahari huzifikia, zikashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Basi hulipasua zege kutoka ndani. Kila aliyetembea Mombasa au Tanga ameona upenu uliopasuka na nondo zikichungulia kama mbavu za punda mwenye njaa. Pwani zege la kufunika nondo huhitaji kuwa nene na zito, lisilo na matundu, na fundi mwenye haraka hulipunja. Wala mfupa unaoonekana si lazima uwe mfupa wenye nguvu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la orofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, wakafa watu zaidi ya 30, na wakati ule lilikuwa bado zege tupu, nguzo zake zote zikionekana na kila mpita njia. Macho ya mtu yaweza kusoma umbo la nguzo, lakini hayawezi kusoma kiasi cha saruji kilichomo. Hiyo ni kazi ya mkaguzi.

Iko na sababu nyingine inayofanya mifupa ifichwe, nayo ni ya kibiashara. Siku ile Dar es Salaam tulichelewa kurudi, tukapita tena mbele ya jengo lile la vioo baada ya magharibi. Taa zilikuwa zimewashwa ndani, na vioo vilivyokuwa vipofu mchana vikawa wazi. Nguzo zikaonekana, nene, za zege, zimejipanga hatua moja nyuma ya kioo. Kijana wetu alizihesabu moja moja. Kisha akauliza kwa nini kioo hakikurudishwa ndani hatua ile moja, ili nguzo na sakafu zitokeze nje na kutia kivuli. Tukamweleza kwamba mwenye jengo hupangisha sakafu kwa mita ya mraba, na hatua moja kulizunguka jengo zima, mara orofa zote, ni sakafu nyingi isiyolipiwa kodi.

Nyuma ya jengo, mashine za kupozea hewa zilikuwa zikidondosha maji juu ya njia. Akazitazama nazo, akauliza umeme wake hulipwa na nani. Ni mpangaji.